Seli ya Kutuliza Hutambuliwa kwa Jirani Yake

Degedege ni umeme. Mtoto wa miaka miwili hapa Katangi anapopandwa na homa, macho yakageuka juu na mikono ikaanza kurukaruka, ndani ya ubongo wake mamilioni ya seli za neva yanapiga kwa pamoja wakati yalipaswa kupiga kwa zamu. Si pepo, wala si husuda ya jirani. Mlaze kwa ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mkimbize kituo cha afya. Hilo nimelitanguliza kwa kuwa ndilo la haraka. Linalofuata ni la taratibu zaidi, nalo ndilo lililonikalisha kuandika: tukipenyeza waya ubongoni na kusikiliza seli moja ikipiga, tunajuaje ni seli ya aina gani? Na tukishajua, je, tumepata haki ya kusema hii inachochea na ile inatuliza?

Msimamo wangu ni huu. Umeme wa seli unatueleza jinsi seli ilivyoundwa. Peke yake hautuelezi seli hiyo inawafanyia nini jirani zake. Watafiti hulishika la kwanza na mara nyingi hulisahau la pili, na usahaulifu huo una athari hadi wodi za watoto. Ushahidi ulionishawishi kuliko wote ulichimbwa, kwa jembe na koleo, katika udongo wa Ukambani.

Tuanze na mpigo wenyewe. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi wa milivolti 65 hadi 70 ukilinganisha na nje. Ikisukumwa vya kutosha, milango ya sodiamu kwenye utando wake hufunguka ghafla, sodiamu humiminika ndani, na kwa muda wa elfu moja ya sekunde hivi umeme wa ndani huwa chanya. Milango ya potasiamu hufuatia kufunguka, potasiamu hutoka, na seli hurudi ilipokuwa. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyaandikia hayo yote hesabu mwaka 1952, wakitumia neva nene ya ngisi, na Tuzo ya Nobeli ikawafikia mwaka 1963. Hakuna hesabu katika elimu ya ubongo iliyodumu kama ile.

Waya ukiwa nje ya seli, yaani jirani yake tu, haupati milivolti 100 za mpigo kamili. Unapata masalio yake, makumi ya mikrovolti, pengine mia moja au mbili ukiwa na bahati. Maabara nyingi huunganisha waya huo na spika. Unaushusha polepole kwa skrubu, sehemu ya milimita kwa wakati mmoja, na spika inavuma kama redio isiyoshika stesheni. Kisha unasikia tak, tak, taktak, na unajua ncha imekaribia seli. Ukishusha kidogo zaidi sauti inanenepa. Ukizidisha, seli inapiga mfululizo wa haraka sana halafu kimya: umeichoma, imekufa. Fundi mzoefu husimamisha skrubu kabla ya hapo, na kabla hata hajatazama kioo cha mashine, sikio lake limeshaanza kukisia aina.

Kwa nini sikio liweze kukisia? Kwa sababu seli hazipigi sawa. Mwaka 1969 Vernon Mountcastle na wenzake, wakirekodi gamba la ubongo la nyani nchini Marekani, waliona kuna mipigo ya kawaida na kuna mingine myembamba inayopita upesi. Mwaka 1985 David McCormick, Barry Connors na wenzao walichukua vipande vyembamba vya ubongo wa simbilisi, wakaingiza sindano za kioo ndani ya seli mojamoja, kisha wakazijaza rangi ili waone maumbo yake. Hapo picha ikakaa sawa. Seli zenye umbo la piramidi, ambazo huchochea jirani zake, zilikuwa na mpigo mnene na zilichoka zikisukumwa kwa muda: zinaanza kwa kasi kisha zinapunguza. Nyingine za piramidi zilipiga kwa mafungu. Lakini seli fulani ndogo zisizo na miiba kwenye matawi yake, ambazo hutuliza jirani zake, zilikuwa na mpigo mwembamba na ziliweza kupiga mamia ya mara kwa sekunde bila kuchoka.

Sababu yake imejulikana baadaye. Seli hizo za kasi zina milango ya potasiamu ya jamii iitwayo Kv3, ambayo hufunguka haraka na kufunga haraka. Mpigo unakatwa mapema, na seli iko tayari kwa mpigo unaofuata. Kwa hiyo unene wa mpigo si pambo. Ni habari ya kweli kuhusu protini zilizojengwa kwenye utando wa seli.

Kutokana na hapo kukatokea kanuni ya mkato ambayo maelfu ya tafiti yameitumia. Pima muda kutoka bonde la mpigo hadi kilele kinachofuata. Ukiwa chini ya milisekunde 0.4 hivi, andika kwamba seli inatuliza. Ukizidi hapo, andika kwamba inachochea. Leo kifaa kama Neuropixels, kilichotangazwa mwaka 2017, ni sindano nyembamba yenye sehemu 960 za kunasia, 384 zikisomwa kwa wakati mmoja, kila moja mara 30,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mpigo wa milisekunde 0.25 ni vipimo saba au nane, na wa milisekunde 0.6 ni kumi na vinane. Tofauti ya vipimo kumi hivi ndiyo inayoamua seli iwekwe kundi gani katika jedwali la mtafiti, na kutoka jedwalini iingie kwenye vitabu.

Usiku kijijini unaweza kutofautisha lori la mchanga na bodaboda kwa mngurumo tu, bila kutoka nyumbani, na utakuwa sahihi karibu kila mara. Lakini mngurumo haukuambii lori limebeba nini wala linakwenda kwa nani. Kanuni ya mpigo mwembamba inasikiliza injini, kisha inatangaza mzigo.

Watu makini walilijua hilo na wakatafuta njia za kuhakiki. Mwaka 2004 Péter Barthó, György Buzsáki na wenzao walirekodi seli nyingi za panya kwa pamoja na kuuliza swali lililo sahihi: seli hii ikipiga, jirani yake anafanya nini katika milisekunde chache zinazofuata? Akipiga zaidi kuliko kawaida, amechochewa. Akinyamaza, ametulizwa. Kwa panya wao, mpigo mwembamba na unyamavu wa jirani vilikwenda pamoja vizuri. Mwaka 2005 ikaja mbinu ya kupandikiza protini inayofungua mlango ikimulikwa mwanga. Ukiipandikiza katika seli za kutuliza pekee, ukamulika, seli inayopiga papo hapo imejitambulisha yenyewe. Hivi ndivyo jina linavyopaswa kupatikana.

Kisha nyani wakaiharibu kanuni. Mwaka 2011 Ganesh Vigneswaran, Alexander Kraskov na Roger Lemon, jijini London, walirekodi gamba la mwendo la nyani aina ya makaki. Hawakukisia aina kwa umbo la mpigo. Waliusisimua kwa umeme mkondo wa neva unaoteremka kutoka gambani kwenda uti wa mgongo, wakaangalia ni seli zipi ambazo mpigo ulirudi juu hadi kwenye miili yake. Seli inayorudisha mpigo kwa njia hiyo ina mkia unaoshuka huko, kwa hiyo lazima iwe ya piramidi, lazima iwe ya kuchochea. Na nyingi kati ya seli hizo kubwa zilikuwa na mipigo myembamba! Kanuni ya mkato ingeziandika zote kuwa za kutuliza. Baadaye ikaonekana kuwa seli za piramidi za makaki zimebeba protini ileile ya Kv3 ambayo kwa panya tulidhani ni alama ya seli za kutuliza.

Nawaomba wasomaji walipime jambo hili kwa uzito wake. Seli zile ndizo zinazobeba amri ya kusogeza kidole. Ukizikosea jina, umegeuza kiongeza mwendo kuwa breki, na kila hitimisho juu ya namna ubongo unavyopanga mwendo limesimama kichwa chini. Chanzo chake si uzembe wa mtu mmoja. Kanuni ilizaliwa kwa simbilisi na panya, ikahamishiwa kwa nyani na kwa binadamu bila kuulizwa maswali ya mpakani.

Kuna sehemu ya ubongo ambako kazi ni rahisi zaidi, nayo ni ubongo mdogo wa kisogoni. Seli za Purkinje, zilizoelezwa na Jan Purkinje mwaka 1837, hujitaja zenyewe: zina mpigo wa kawaida makumi ya mara kwa sekunde, na karibu mara moja kwa sekunde hutoa mpigo mwingine mkubwa wenye mikunjo, kisha hunyamaza kidogo. Hakuna seli nyingine inayofanya hivyo. Kwa kuanzia hapo, kundi la maabara za Uingereza na Marekani lilichapisha mwaka 2025 programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa seli za panya ambazo utambulisho wake ulihakikiwa kwa mwanga na kwa dawa, kisha ikajaribiwa kwa nyani. Programu haiangalii unene wa mpigo peke yake, bali umbo zima la wimbi, mpangilio wa mipigo, na tabaka ambamo waya umekaa. Pale isipokuwa na uhakika, inakataa kutoa jina. Hiyo tabia ya kukataa ndiyo ninayoipenda zaidi katika kazi ile.

Kuhusu idadi ya aina nitapita haraka. Mwaka 2023 ramani ya seli za ubongo wa panya ilitoa makundi zaidi ya 5,300, na ya binadamu zaidi ya 3,000, yote kwa kusoma ni jeni zipi zinatumika ndani ya kila seli. Umeme hauwezi kutenganisha makundi 5,000, na haujawahi kudai hivyo. Kazi yake ni nyingine: kusikia seli ikiwa hai, ikifanya kazi, ndani ya mnyama anayetembea.

Na kwa kuwa wazazi huniuliza mara kwa mara: kipimo cha EEG anachofanyiwa mtoto mwenye kifafa, kile cha vifungo vilivyobandikwa kichwani, hakisikii seli moja. Hans Berger aliyekitangaza mwaka 1929 alikuwa ananasa jumla ya seli nyingi mno kupitia fuvu. Kinafaa sana kuonyesha kama kuna dhoruba na imeanzia upande gani. Hakiwezi kusema ni aina gani ya seli iliyoianzisha.

Sasa nifike nyumbani. Uwanda wa Yatta, ambao umelipa eneo letu jina, ni mtiririko mmoja mrefu wa lava ya kale unaonyoosha mgongo karibu kilomita 300 kuelekea kusini-mashariki hadi Tsavo. Kule chini, jirani na Mtito Andei, ukitembea asubuhi na mapema utaona vichuguu vidogo vya udongo vinavyotema vumbi kama volkeno za kuchezea. Chini yake kuna fuko asiye na manyoya, *Heterocephalus glaber*, mnyama wa rangi ya waridi mwenye meno yaliyotokeza nje ya midomo. Mmoja anachimba kwa meno, wa nyuma yake anasukuma udongo kinyumenyume, mpaka unamfikia wa mwisho, ambaye anaurusha nje kwa miguu ya nyuma. Wakulima wanamjua kwa hasara ya mihogo na viazi. Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza akiwa Kenya, alitangaza mwaka 1981 kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wanafanya kazi.

Mwaka 1990 Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Kjell Hole walichapisha jambo ambalo halikupewa uzito uliolistahili. Waliwapa mafuko hawa morfini, dawa ambayo kwa panya na kwa binadamu hutuliza maumivu. Maumivu hayakutulia. Wanyama wakawa wakali, wakashambuliana. Dawa ya kutuliza ilikuwa imefanya kinyume. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2020, maabara moja ya New York ikakuta jambo la aina hiyohiyo kwa dawa nyingine kabisa. Waliwapa mafuko diazepamu, ambayo vituo vyetu vya afya hutumia kukata degedege, na badala ya kutulia mafuko wakaanza kutetemeka kwa kifafa.

Diazepamu inafanya nini? Seli za kutuliza hutoa kemikali iitwayo GABA. GABA ikifika kwa jirani hufungua milango ya kloraidi, na diazepamu huongeza nguvu ya ufunguzi huo. Kloraidi ni chembe hasi. Kama ndani ya jirani kuna kloraidi kidogo, itaingia, umeme wa ndani utazidi kuwa hasi, na jirani atatulia. Lakini kama ndani yake imeshajaa, mlango ukifunguliwa kloraidi haina sababu ya kuingia. Inaweza hata kutoka, na jirani akasogea karibu na kupiga. Kemikali ni ileile, seli iliyoitoa ni ileile, mpigo wake ni mwembamba vilevile. Kilichogeuka ni kiasi cha chumvi ndani ya anayepokea.

Kiasi hicho hulindwa na pampu iitwayo KCC2, ambayo hutoa kloraidi nje ya seli bila kukoma. Watafiti wale walisoma jeni za fuko na kukuta pampu yake ina badiliko moja la asidi amino, mahali palepale ambapo badiliko kama hilo limekutwa kwa binadamu wenye degedege la homa na kifafa, na ambapo limeonyeshwa kudhoofisha pampu. Fuko akiwa kiotoni, amebanana na wenzake katika hewa iliyojaa hewa ya ukaa, ubongo wake umetulia, kwa sababu hewa hiyo yenyewe hupunguza upigaji wa seli. Mtoe kwenye joto la juu ya ardhi, aheme haraka, hewa ya ukaa ipungue mwilini, na degedege linamjia bila dawa yoyote. Mrudishie hewa kama ya kiotoni, hata ile mitetemeko ya diazepamu inazuilika.

Nimeyasoma matokeo haya nikifikiria watoto wa hapa. Homa, kuhema haraka, degedege: huo ni mfululizo ambao kila muuguzi wa Yatta ameuona. Niseme wazi ili mtu asinielewe vibaya: diazepamu inafanya kazi kwa watoto wetu walio wengi, na anayeinyima kwa sababu ya habari za fuko atakuwa amefanya kosa kubwa. Ninachosema ni kwamba neno "kutuliza" halijaandikwa juu ya seli milele. Ni uhusiano kati ya seli mbili, na uhusiano huo hubadilika kwa jeni, kwa umri na kwa hewa.

Umri ndio unaonigusa zaidi. Mtoto mchanga huzaliwa pampu zake za KCC2 zikiwa bado chache, na pampu nyingine, inayoingiza kloraidi, ikiwa na nguvu. Hii ni sababu mojawapo inayotolewa kueleza kwa nini fenobabitali, dawa ambayo nayo hupitia mlango huohuo wa GABA, huwasaidia wachanga kidogo kuliko watu wazima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta imedhibiti mitetemeko ya asilimia 43 tu ya wachanga. Wanasayansi wakapata wazo zuri: tuzuie ile pampu inayoingiza kloraidi kwa dawa iitwayo bumetanaidi, kisha fenobabitali ifanye kazi. Katika vipande vya ubongo wa panya wachanga wazo lilipendeza. Huko Ulaya walilijaribu kwa wachanga 14, wakasimamisha mapema: mitetemeko haikupungua ilivyotarajiwa, na kati ya 11 waliobaki hai, watatu walikutwa na upungufu wa kusikia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Na Kenya tuna somo letu wenyewe, chungu zaidi. Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, watoto 340 wenye malaria kali iliyofika ubongoni waligawanywa, nusu wakapewa sindano moja ya fenobabitali na nusu wakapewa sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walipungua kutoka asilimia 27 hadi 11. Lakini vifo vilipanda kutoka asilimia 8 hadi 18, hasa kwa waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara kadhaa, maana pumzi zao zilizimika. Umeme ulitulizwa, na watoto wakafa. Seli zinazopiga degedege na seli zinazoendesha pumzi zina mlango uleule wa GABA, na dawa haichagui.

Ndiyo maana sikubali tena kusoma ripoti inayosema "seli ya kutuliza" kwa ushahidi wa mpigo mwembamba tu. Mwandishi aseme mpigo wake una upana gani na alikatia wapi. Aseme seli ilijitambulisha kwa mwanga, kwa mkia wake, au kwa rangi, au haikujitambulisha kabisa. Zaidi ya yote, aonyeshe jirani alifanya nini. Asipokuwa na hilo la mwisho, aandike "seli ya mpigo mwembamba" na aishie hapo. Jina hilo ni kamili na ni la kweli.

Hata kumpima jirani kuna mtego, nao ni mkubwa. Njia maarufu ya kurekodi ndani ya seli, ile iliyowapa Erwin Neher na Bert Sakmann Nobeli ya mwaka 1991, hubandika sindano ya kioo kwenye utando. Wengi huendelea hadi kuupasua utando ule mdogo ulio chini ya ncha. Ukishapasuka, maji ya ndani ya sindano huchanganyika na maji ya seli, na ndani ya dakika chache kloraidi ya seli inakuwa ile uliyoichanganya wewe mwenyewe asubuhi. Kwa maneno mengine, mtafiti amejiwekea jibu kabla ya kuuliza swali. Dawa yake ipo tangu miaka ya 1990: sindano hutiwa gramisidini, kiuavijasumu kinachotoboa vitundu vinavyopitisha sodiamu na potasiamu lakini si kloraidi. Ni kazi ya subira, utando unachukua hata nusu saa kufunguka, na seli nyingi hupotea njiani. Lakini ndiyo njia inayomwacha jirani na chumvi yake mwenyewe.

Kurekodi umeme wa neva si jambo geni nchini. Huko Kasarani, katika kituo cha icipe kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, wamezoea kuunganisha waya kwenye kipapasio cha mdudu na kuona ni harufu ipi inayousisimua. Shule zinaweza kuanza na mguu wa mende na kikuza-sauti kidogo kama SpikerBox, na mwanafunzi wa sekondari akasikia mpigo kwa masikio yake. Kwa fuko, tuko karibu naye kuliko maabara yoyote ya New York au Chicago. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, kaunti jirani ya Kitui, na Mtito Andei inafikika kutoka hapo. Kibali cha wanyamapori, daktari wa mifugo, darubini moja nzuri, vikuza-umeme viwili na watu wawili wenye subira: hiyo ndiyo orodha ya mwanzo.

Jaribio ningelipanga hivi. Kipande cha ubongo wa fuko kiwekwe kwenye nyuzijoto 32, ambazo ndizo joto la mwili wake, si 37 za panya. Sindano ya kwanza iingie katika seli ya mpigo mwembamba, ya pili, yenye gramisidini, ikae kwa jirani wa umbo la piramidi. Seli ya kwanza isukumwe ipige mara moja, na tutazame umeme wa jirani: unashuka mbali na kizingiti cha kupiga, au unapanda kukikaribia? Kisha hewa ya ukaa iongezwe hadi kiwango cha kiotoni, na tupime tena seli zilezile mbili.